Pale Jumla Inapofutika

Wamatengo wa Mbinga hulima kwenye miteremko ambayo mgeni angeogopa hata kusimama. Nyasi hufyekwa mvua zikiwa zimekolea, huachwa zinyauke, kisha hulazwa kwa mistari inayoshuka na mistari inayokingama, hadi mlima mzima ugawanyike vyumba vidogo vyenye upana wa mita moja na nusu hadi mbili. Kazi hiyo kwa desturi ni ya wanaume. Wanawake hufuata na majembe: huchimba katikati ya kila chumba na kuutupa udongo juu ya nyasi, pande zote nne. Kinachobaki ni shimo, na kulizunguka, matuta yenye nyasi zinazooza ndani yake. Juu ya matuta hayo hupandwa maharage karibu na mwezi Machi, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbilia bondeni. Huingia shimoni, yakazama polepole, na udongo yaliouchukua hubaki palepale. Hizi ndizo ngoro.

Hakuna bwana shamba aliyewafundisha. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia nchi ya Songea, na mashambulizi yao yakawabana Wamatengo katika milima yenye miinuko mikali. Watu wengi, ardhi ndogo, mvua kubwa: asiyejua kuushika udongo hapo angehama au angekufa njaa. Mwaka 1938 A. H. Pike aliieleza hifadhi hiyo ya udongo katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikwenda kuipima upya kwa makini. Kuhusu udongo wa ngoro, basi, yapo maandishi ya kutosha.

Mimi naitazama ngoro kwa haja nyingine. Simama kwenye shimo moja. Ipo hatua moja ya kukingama inayokufikisha shimo la jirani, na ipo hatua moja ya kushuka inayokufikisha la chini yake. Kwa kurudiarudia hatua hizo mbili, mbele au nyuma, unayafikia mashimo yote ya mteremko. Ondoa mawe, ondoa miti na mipaka ya ukoo, acha mashimo yaendelee pande zote bila mwisho, na umepata kitu ambacho wanahisabati wamekichunguza kwa zaidi ya miaka 200: mtandao wa nukta. Historia ya sifuri za fomu za modula, ambayo wengi huiogopa kwa jina lake tu, ni historia ya mitandao hiyo, na mtu aliyekulia Umatengo ameshaiona malighafi yake kabla ya kuingia darasani.

Anayestahili kutajwa kwanza ni Gotthold Eisenstein, aliyezaliwa Berlin mwaka 1823. Ndugu zake wote walikufa wadogo kwa homa ya uti wa mgongo. Yeye aliipata pia, akapona, lakini afya yake haikutengemaa tena. Mwaka 1844, akiwa na umri wa miaka 21, alichapisha zaidi ya makala 20 za hisabati. Machi 1848 mapinduzi yalipolipuka Berlin, askari walimkamata wakamfungia katika ngome ya Spandau, na ingawa aliachiwa upesi, misukosuko hiyo ilimdhoofisha zaidi. Kifua kikuu kilimuua Oktoba 1852. Alexander von Humboldt, msafiri maarufu aliyekuwa amemsaidia kwa fedha miaka mingi, alilifuata jeneza lake hadi makaburini, mwenyewe akiwa mzee wa miaka 83.

Katika maisha hayo mafupi, mwaka 1847, Eisenstein alichapisha makala ndefu iliyotegemea wazo jepesi kulieleza. Chagua shimo moja uliite mwanzo. Kila shimo jingine lina mambo mawili: umbali wake kutoka mwanzo, na upande lilipo. Namba changamano huyabeba yote mawili kwa pamoja, na zina kanuni moja nzuri: ukizidisha namba mbili za aina hiyo, umbali huzidishwa na pembe hujumlishwa. Kwa hiyo ukilipandisha shimo kwa kipeo cha nne, umbali wake hujizidisha mara nne na pembe yake hukua mara nne. Sasa gawa 1 kwa namba uliyoipata. Fanya hivyo kwa kila shimo la mtandao usio na mwisho, kisha jumlisha. Mashimo ya mbali huchangia kidogo sana, ndiyo maana jumla haipasuki bali hutulia kwenye namba moja.

Tujaribu kwa mtandao wa mraba, hatua zote mbili zikiwa na urefu wa 1. Majirani wanne wa karibu wanatoa 1 kila mmoja, jumla 4. Wanne wa kona, kwa sababu pembe zao za nyuzi 45 zimekuwa 180, wanaingia kwa alama ya hasi na kuondoa robo kila mmoja, tunabaki na 3. Wanne wanaofuata kwenye mistari mikuu, walio umbali wa 2, wanaongeza robo kwa pamoja. Wanane wa baada yao wanapunguza kama 0.09. Ukiendelea, unatua karibu na 3.151. Namba hiyo haikutoka hewani. Tangu Januari 1797 Carl Friedrich Gauss, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 20, alikuwa akichunguza mkunjo wenye umbo la nane iliyolala, akakokotoa nusu ya urefu wake: 2.622. Mwishoni mwa karne ya 19 Adolf Hurwitz alionyesha kwamba ukiipandisha namba hiyo ya Gauss kwa kipeo cha nne na kuigawa kwa 15, unapata barabara jumla ya mtandao wa mraba. Mimi kila nikirudia hesabu hii napata furaha ileile, kwamba mkunjo uliochorwa karatasini unajua habari za mashimo yasiyo na idadi.

Badilisha kipeo kiwe cha sita. Zungusha shamba zima la mraba kwa nyuzi 90 ukilishika pale mwanzo. Kila shimo huangukia mahali palipokuwa na shimo jingine, kwa hiyo shamba ni lilelile na jumla ni ileile. Lakini katika kipeo cha sita, mzunguko wa nyuzi 90 umekuwa wa nyuzi 540, yaani duara moja kamili na nusu yake, na nusu duara hugeuza kila namba kuwa hasi yake. Jumla basi ni sawa na hasi yake yenyewe. Namba pekee yenye sifa hiyo ni sifuri. Mashimo yote ya dunia hiyo, ya karibu na ya mbali, yamefutana bila kubakiza hata chembe, na hatukuhitaji kujumlisha hata moja.

Upande mwingine upo mtandao ambao kila shimo lina majirani sita walio umbali sawa, pembe kati ya jirani na jirani zikiwa nyuzi 60. Huo huzunguka kwa nyuzi 60 ukajirudia. Katika kipeo cha nne, nyuzi 60 zimekuwa 240, na namba isiyobadilika inapozungushwa nyuzi 240 ni sifuri tu. Kwa hiyo mtandao wa majirani sita hufuta kipeo cha nne, kama mraba unavyofuta kipeo cha sita. Vipeo witiri havina habari kabisa, maana kila shimo lina mwenzake wa upande wa pili anayelifuta katika mtandao wowote ule. Kipeo cha 2 kina matata yake, kwa sababu jibu lake hutegemea mpangilio wa kujumlisha; tukiache.

Sasa acha umbo la mtandao libadilike. Refusha hatua moja, inamisha nyingine, na jumla itabadilika pamoja na umbo. Hapo jumla imekuwa fomu ya modula: kanuni inayoupa kila mtandao namba moja, ambayo haijali ni hatua zipi mbili ulizozichagua kuufikia mtandao huo, na ambayo ukiukuza au kuuzungusha mtandao mzima hubadilika kwa kipimo kinachojulikana tangu mwanzo, kwa kadiri ya kipeo, kinachoitwa uzito wa fomu. Swali la sifuri ni swali la maumbo: ni mitandao ipi inayofuta jumla?

Jibu la kwanza lilikuwa la idadi. Gauss aliacha katika karatasi zake michoro ya eneo la maumbo yote, lenye mipaka ya mistari miwili iliyosimama na tao la duara chini yake, lakini hakuichapisha. Richard Dedekind alilieleza eneo hilo mwaka 1877, na Felix Klein akalifanyia kazi kubwa miaka miwili iliyofuata, akifuatwa na mwanafunzi wake Hurwitz. Kutokana na kazi hizo ilipatikana kanuni ngumu kuamini mara ya kwanza: idadi ya sifuri za fomu ni uzito wake ukigawanywa kwa 12, ila mraba huhesabiwa kuwa nusu na mtandao wa majirani sita huhesabiwa kuwa theluthi, kwa sababu ya ulinganifu wao wa ziada. Kipeo cha nne kinaruhusiwa theluthi moja tu, nayo imeshachukuliwa na majirani sita. Cha sita kinaruhusiwa nusu, nayo ni ya mraba. Cha nane ni theluthi mbili. Cha kumi ni nusu na theluthi. Hadi hapo hakuna mtandao mwingine wowote unaoweza kufuta jumla. Cha 12 ndicho cha kwanza kupewa sifuri moja nzima isiyodaiwa na ulinganifu wowote, na fumbo la kweli linaanzia hapo.

Klein alihamia Göttingen mwaka 1886, na kwa njia ya mji huo historia hii inagusa Afrika Mashariki, kwa mkondo usiopendeza wote. Julai 1890 Ujerumani na Uingereza ziligawana nchi, na maandishi ya mkataba wao yakaupitisha mpaka kwenye ukingo wa Ziwa Nyasa, neno ambalo Tanzania na Malawi zinalibishania mpaka sasa. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ilipima mpaka kati ya Nyasa na Tanganyika. Ernst Kohlschütter na Hans Glauning walishiriki upande wa Wajerumani, na mwaka 1899 na 1900 wakaendelea na safari nyingine: kubeba pendulo za kupimia nguvu ya uvutano katika nchi waliyoiita Afrika Mashariki ya Kijerumani. Pendulo ikipunga, muda wa kupunga kwake hueleza uzito wa miamba iliyo chini, na bonde la ufa lilikuwa fumbo kubwa la wakati huo. Safari hiyo ilikuwa ya Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Göttingen, ambayo Klein na David Hilbert walikuwa wajumbe wake, na matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1907.

Nayataja haya kwa sababu maandishi ya hisabati hupenda kuuonyesha mji ule kama mahali pa mawazo matupu. Jumuiya iliyosikiliza habari za maumbo ya mitandao ndiyo iliyotuma vyombo vya kupima ardhi ambayo watu wake hawakuulizwa. Mwaka 1902, miaka miwili baada ya safari ya pendulo, Wamatengo walipambana na jeshi la Wajerumani huko Litembo, wengi wakauawa. Mashimo kwenye miteremko ya Litembo yalikuwa yakichimbwa wakati huohuo, kwa vipimo vya jicho na urefu wa mkono, na hakuna mpimaji wa Göttingen aliyeona kuna jambo la kujifunza hapo.

Vita ya 1914 ilifika ufukwe wa Ziwa Nyasa mapema kuliko sehemu nyingi za dunia. Agosti 13 meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa kwa matengenezo huko Liuli, bandari waliyoiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake mkubwa, ikaipiga mizinga na kuilemaza. Nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita imeanza. Miezi minne kabla, Srinivasa Ramanujan, karani kutoka Madras, alikuwa ameteremka London. Vita hiyohiyo ilimfungia Cambridge, katika baridi na uhaba wa chakula alichozoea, na humo mwaka 1916 alichapisha makala iliyozibadilisha fomu za modula kuwa chombo cha nadharia ya namba.

Ramanujan alizichukua jumla za Eisenstein za kipeo cha nne na cha sita, akazisawazisha zianze na 1, akazipa majina Q na R, akatazama kipeo cha tatu cha Q kikitolewa kipeo cha pili cha R. Tofauti hiyo ni fomu ya uzito wa 12, nayo ina tabia ya ajabu: haifutiki katika mtandao wowote. Sifuri yake moja inayodaiwa na kanuni iko mwisho kabisa, pale hatua moja inaporefushwa bila kikomo hadi mtandao unaacha kuwa mtandao. Ukiigawa kwa 1,728 na kuikunjua, inatoa safu ya namba nzima: 1, kisha hasi 24, kisha 252, kisha hasi 1,472, kisha 4,830. Ramanujan aliona kwamba namba ya pili ikizidishwa kwa ya tatu inatoa ya sita, na vivyo hivyo kwa nafasi zozote mbili zisizo na kigawo cha pamoja. Louis Mordell alithibitisha hilo mwaka 1917. Ramanujan aliona pia kwamba namba tasa 691 imejificha ndani ya safu hiyo, na tutaikuta tena punde. Mwaka 1947 Derrick Lehmer aliuliza kama kuna sifuri yoyote katika safu hiyo. Kompyuta zimekwenda mbali mno bila kuipata, lakini uthibitisho kwamba haipo haujapatikana.

Turudi kwenye ile sifuri ya kipeo cha 12. Iko umbo gani? Mwaka 1963 Klaus Wohlfahrt alichunguza jumla za Eisenstein hadi kipeo cha 26, akakuta kwamba sifuri zao zote zimekaa kwenye tao la chini la lile eneo la maumbo. Robert Rankin wa Glasgow alisogeza matokeo hayo mbele kidogo. Tao hilo lina maana inayoeleweka na mtu yeyote aliyewahi kupanga mashimo: ni mitandao ambayo hatua mbili za msingi zina urefu sawa, na pembe kati yake iko kati ya nyuzi 60 na 90. Vyumba vyake ni rombasi. Mwisho mmoja wa tao ni mraba, mwisho wa pili ni mtandao wa majirani sita. Mteremko ukivuta mistari ya mkulima upande mmoja lakini hatua zake zikabaki sawa, yuko kwenye tao.

Je, ni hivyo kwa vipeo vyote? Mwaka 1970 F. K. C. Rankin na Peter Swinnerton-Dyer walitoa jibu katika taarifa za Chama cha Hisabati cha London. Makala yao ina kurasa mbili, na kwa maoni yangu kurasa hizo mbili zinapita vitabu vizima kwa uzuri. Hoja yao ni hii. Chukua mtandao wa rombasi, hesabu kwa jozi mashimo yanayoonekana kutoka mwanzo bila kufichwa nyuma ya mengine, na uizungushe jumla hadi iwe namba halisi, ama chanya ama hasi. Majirani wa karibu kabisa ni wale wa hatua mbili zilizo sawa. Kwa pamoja wanatoa thamani inayopanda hadi 2 na kushuka hadi hasi 2 kadiri pembe ya rombasi inavyofunguliwa kutoka nyuzi 60 hadi 90. Mashimo mengine yote, yasiyo na idadi, hata yakikusanya nguvu zao hayafikishi 2. Kwa hiyo kila thamani ya majirani inapokuwa kileleni, jumla yote ni chanya, na kila inapokuwa bondeni, jumla yote ni hasi. Kati ya kilele na bonde lazima ipite sifuri. Hesabu mara ngapi inavuka, na utakuta ni mara zilezile zinazoruhusiwa na kanuni ya kugawa kwa 12. Hakuna sifuri iliyobaki ya kwenda kwingine. Majirani wa karibu wameamua kila kitu, na umati wa mbali hauna kura ya kutosha kuwapinga.

Kipeo cha 12, basi, hufutwa na rombasi moja, yenye pembe iliyo karibu sana na nyuzi 75. Kipeo cha 120 hufutwa na rombasi kumi, zikipishana takriban nyuzi 3. Kipeo kikikua, tao hujaa sifuri zilizojipanga kwa nafasi karibu sawa.

Lakini ile rombasi ya kwanza si ya nyuzi 75 kamili, na hapo pana jambo la kina. Dedekind na Klein walikuwa wamelipa kila umbo la mtandao namba ya utambulisho. Kwa kipimo cha leo, mtandao wa majirani sita una 0 na mraba una 1,728. Rombasi inayofuta kipeo cha 12 ina 432,000 ikigawanywa kwa 691. Ile namba tasa ya Ramanujan imejitokeza tena, safari hii katika utambulisho wa umbo. Na kwa kuwa 432,000 haigawanyiki kwa 691, nadharia aliyoithibitisha Theodor Schneider mwaka 1937 inatoa hukumu: ile namba changamano inayoigeuza hatua moja ya rombasi hiyo kuwa hatua ya pili haitoshelezi mlinganyo wowote wa kipeo chochote wenye namba nzima. Umbo lenyewe lipo, thamani yake inakokotolewa kwa tarakimu nyingi upendavyo, lakini hakuna mlinganyo wa darasani unaoweza kulikamata. Mwaka 2003 Winfried Kohnen alionyesha kwamba ndivyo ilivyo kwa sifuri zote za jumla za Eisenstein, isipokuwa zile mbili za ulinganifu, mraba na majirani sita.

Nani hapa kwetu husoma haya? Taasisi zipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya hisabati yenye mizizi katika miaka ya 1960. Mpango wa Hisabati wa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2002 kwa msaada wa Uppsala, ukiziunganisha Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati ilifungua kituo chake cha Tanzania Bagamoyo mwaka 2014. Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati, aliipata Berlin, mji wa Eisenstein, ingawa fani yake ni mwendo wa vimiminika. Hisabati ya vimiminika, magonjwa na uchumi ndiyo iliyopewa kipaumbele katika vyuo vyetu, na sababu zake zinaeleweka. Hata hivyo naamini nadharia ya namba imechelewa kuletwa mezani, na kwamba mwanafunzi wa kidato cha tano Mbinga anayeanza namba changamano angeweza kuthibitisha mwenyewe, kwa mizunguko ya nyuzi 90 na 60 tuliyoiona, sifuri mbili za mwanzo. Hahitaji zaidi ya nusu saa na mwalimu anayependa jambo hilo.

Nje ya jumla za Eisenstein mambo ni tofauti kabisa. Zipo fomu za aina ya ile ya Ramanujan, zinazozimika pale mtandao unapovunjika, na Erich Hecke aliwapa wanahisabati mwaka 1937 vyombo vya kuzichambua hadi kwenye zile za msingi. Sifuri zao zinajipanga wapi? Mwaka 2005 Zeev Rudnick alionyesha kwamba jibu limefungwa kwenye dhana iliyotoka katika fizikia ya kwanta, kuhusu jinsi mawimbi yanavyosambaa katika eneo lenye mkunjo. Kama dhana hiyo ni kweli, sifuri hazikai kwenye tao. Husambaa katika eneo zima la maumbo, kila sehemu ikipata kwa kadiri ya ukubwa wake. Roman Holowinsky na Kannan Soundararajan waliithibitisha dhana hiyo kwa fomu hizi, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2010. Kwa hiyo jumla ya Eisenstein huzipanga sifuri zake zote kwenye tao moja, na fomu za Hecke zenye uzito uleule huzitawanya kila mahali.

Zimetawanyika, lakini si zote zimeacha ulinganifu. Mwaka 2012 Amit Ghosh na Peter Sarnak walizitazama sifuri zinazoangukia mitandao inayojirudia kwenye kioo, yaani ile ya mstatili na ile ya rombasi, maumbo mawili ambayo mkono wa mkulima huyaelekea wenyewe. Walithibitisha kwamba kadiri uzito wa fomu unavyokua, idadi ya sifuri za aina hiyo hukua bila kikomo, wakakisia kasi ya kukua kwake. Mwaka 2016 Kaisa Matomäki wa Ufini aliboresha makadirio yao, lakini kasi iliyokisiwa na kasi iliyothibitishwa bado hazijakutana.